SANDUKU LA PIKIPIKI NA KIFUA CHA MFANYI KAZI

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama wanaoendesha pikipiki kwa kazi. Imepigwa chapa hapa kwa ombi la wale ambao hawakuweza kufika.)



Leo hatutasema habari za mshahara peke yake. Twataka kusema habari za kitu ambacho kila mmoja wetu amekifunga nyuma ya pikipiki yake, yaani sanduku la plastiki; na hasa habari za rangi tunayolipulizia sanduku hilo huko nyumbani, katika ploti zetu.

Huenda mtu akacheka na kusema, "Je, chama kimekosa kazi hata kianze kutufundisha kupaka rangi?" Asicheke upesi. Asikilize mpaka mwisho, kisha acheke akiweza.

Kazi yetu hii twaijua ilikotoka. Katika miaka ya 1960 watu wa mpakani kule Busia walikuwa wakibeba abiria kwa baiskeli kutoka upande mmoja hadi wa pili, ndipo jina la boda boda likazaliwa. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki ndogo, na tangu hapo pikipiki zimejaa kila njia. Leo hatubebi abiria tu. Twabeba chakula, dawa, barua na vifurushi. Sanduku kwetu ni kama jembe kwa mkulima.

Lakini jua hulila sanduku. Plastiki nyeusi hugeuka kijivu, nyekundu huwa kama waridi lililokauka. Mteja akiliona hudhani hata kilichomo ndani ni kichafu. Tena wako waajiri wanaobadili rangi za kampuni, kisha humwambia mwendeshaji, "Sanduku lako lisipokuwa na rangi mpya Jumatatu, usije." Sanduku jipya ni ghali. Basi mtu hununua kopo la rangi, hujifungia chumbani jioni, na kupuliza.

Hatumlaumu. Kutunza mali si dhambi. Lakini sikilizeni yaliyompata mwenzetu mmoja, ambaye ametupa ruhusa kuyasema bila kutaja jina lake.

Alianza na sanduku lake mwenyewe. Likatoka zuri, jirani akaomba lake, kisha wenzake wa stendi. Baada ya miezi michache alikuwa akipiga rangi masanduku mawili matatu kila juma, usiku, baada ya kazi. Alinunua mabaki ya rangi ya magari kutoka gereji, ile inayochanganywa na hadina, kwa sababu hung'aa sana na haikwaruziki upesi. Alifunga dirisha ili vumbi lisiingie. Alijifunga leso puani. Mama watoto alipika nje kwenye baraza, watoto wakalala humo humo chumbani.

Kwanza kilikuja kikohozi cha usiku. Alidhani ni baridi ya Julai. Kisha kifua kikaanza kubana, akikaa kitandani kama mtu aliyepanda mlima. Siku za mapumziko alipata nafuu, akipuliza tena kikarudi. Hospitalini daktari alimwuliza swali ambalo hakulitarajia: "Unafanya kazi gani usiku?" Ikajulikana kwamba amepata pumu kutokana na rangi. Leo ndugu yetu huyu hawezi kupita karibu na gereji inayopuliza rangi bila kubanwa. Aliomba fidia, akaambiwa kwamba kazi yake ni kupeleka vifurushi, si kupaka rangi. Hakupata hata senti.

Basi ndugu, hilo ndilo jambo letu. Kazi ya nyumbani ni kazi. Rangi haijui kwamba uko kwako, na haikuhurumii kwa kuwa hukulipwa.

Jambo la kwanza: hadina isiingie nyumbani.

Rangi ya hadina ina kitu kiitwacho isosayaneti. Kikipulizwa huwa ukungu mwembamba ambao waendelea kuwa hewani hata baada ya macho kutouona tena. Hakina harufu ya kukuonya mapema. Mwili ukishakikataa, hata kiasi kidogo sana huamsha pumu, na mara nyingi hali hiyo hubaki maisha yote. Huko Uingereza wakaguzi wa usalama kazini wameandika kwa miaka mingi kwamba kupuliza rangi za namna hii ni moja ya sababu kubwa za pumu itokanayo na kazi. Fundi wa huko hutakiwa afanye kazi katika chumba maalumu chenye kuvuta hewa, tena avae kifuniko cha uso kinacholetewa hewa safi kwa mpira. Sasa pima wewe mwenyewe: yeye ana hayo yote, na wewe una leso.

Someni kopo kabla ya kununua. Mkiona neno isocyanate, au mkiambiwa muuze na hadina yake, rudisheni. Yako pia makopo madogo ya kupuliza yenye kitufe chini cha kupasulia hadina iliyo ndani. Hayo nayo ni yale yale.

Jambo la pili: ijue plastiki yako.

Wengi hupoteza fedha hapa. Rangi hutoka kama ngozi ya nyoka baada ya juma moja, nao husema rangi ni mbaya. Rangi haina kosa. Geuza sanduku utazame chini au ndani ya kifuniko. Ukiona herufi ABS, hiyo ni plastiki ngumu ambayo rangi huishika vizuri. Ukiona PP, au pembe tatu yenye namba 5, au PE, au pembe tatu yenye namba 2, hiyo ni plastiki ya mafuta mafuta ambayo rangi ya kawaida haishiki. Yataka kwanza praima ya plastiki, ile iliyoandikwa kwamba ni ya kushikisha rangi.

Kama hakuna alama, kata kipande kidogo sana mahali pasipoonekana, ukitie katika glasi ya maji yenye tone la sabuni. PP na PE kwa kawaida huelea. ABS huzama.

Jambo la tatu: matayarisho ni nusu ya kazi, au zaidi.

Fungua kufuli na bawaba, au uzifunike. Osha sanduku kwa maji ya vuguvugu na sabuni mpaka mafuta ya cheni na matope yaishe. Usioshe kwa petroli. Usipanguse ABS kwa thina kali, maana huilainisha na baadaye hupasuka. Spiriti safi isiyo na mafuta juu ya kitambaa yatosha. Kisha piga msasa namba 400 ukiwa na maji, mpaka mng'ao wote uondoke. Maji huzuia vumbi lisiingie kifuani. Suuza, acha likauke kabisa.

Jaribu kwanza mahali padogo palipofichika. Rangi ikikauka, chora mistari michache kwa kisu, bandika gundi ya karatasi, uivute kwa nguvu. Ikija na rangi, rudi kwenye msasa na praima. Afadhali kujua hilo kwenye kona kuliko kwenye sanduku zima.

Jambo la nne: mahali na namna ya kupuliza.

Pulizia nje, asubuhi tulivu, mahali penye kivuli, mbali na milango, nguo za jirani na watoto. Simama upepo ukikutoka mgongoni, ukungu uende mbele yako. Usipulize mvua ikikaribia, wala jua la saa saba. Na pasiwepo moto. Mvuke wa rangi ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji mpaka kwenye jiko la makaa au stovu ya mafuta taa ya jirani, na moto hurudi kwa njia ile ile. Sigara pia ni moto. Kopo tupu lisitupwe motoni, hupasuka.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Nunueni ile ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa rangi pamoja na vya vumbi, iwe ya kukaza uso vizuri. Watu watano wanaweza kuchanga wanunue moja, mradi waisafishe na kubadili vichujio kwa wakati. Vaa miwani, glavu na mikono mirefu. Tukumbuke pia: barakoa hii ni kwa rangi ya kopo isiyo na hadina. Haiigeuzi rangi ya hadina kuwa salama nyumbani.

Tikisa kopo dakika mbili baada ya kusikia goroli likilia. Shika umbali wa sentimita 25 hadi 30. Anza nje ya ukingo wa sanduku, pita, umalizie nje ya ukingo wa pili. Tabaka la kwanza liwe jembamba kama vumbi. Ngoja dakika kumi, au kama kopo lisemavyo. Kisha la pili, kisha la tatu. Mwenye haraka hupata machozi ya rangi yanayoteremka. Acha usiku kucha kabla ya kulishika, na juma moja kabla ya kulifunga mikanda na mizigo.

Ndani ya sanduku la chakula usipake kabisa. Acha kifuniko wazi mahali penye hewa mpaka harufu ya rangi iishe. Ukanda unaong'aa gizani usiufunike. Huo ndio taa yako ya pili. Na helmeti usiipulize, hata kama rangi imebaki na mkono wawasha. Rangi na thina zaweza kudhoofisha gamba lake bila wewe kuona, na siku ya kuanguka ndipo utajua.

Sasa twafika kwenye jambo la tano, ambalo ndilo hasa la chama.

Rangi iliyo kwenye sanduku ni ya nani? Kama ni rangi uliyochagua wewe kwa kupenda, ni yako. Lakini kama ni rangi ya kampuni, na umeamriwa uipake, basi hiyo ni kazi ya kampuni iliyopelekwa chumbani kwako kwa mlango wa nyuma. Mwajiri ameokoa gharama ya fundi, ya mahali na ya barakoa, nawe umelipa kwa fedha yako na kwa hewa ya watoto wako.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awape wafanyi kazi vifaa vya kujikinga pale wanapokutana na vitu vya kudhuru. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo yataja magonjwa yatokanayo na kazi, siyo majeraha tu. Lakini sheria hizi humtazama mfanyi kazi aliyeajiriwa. Ndiyo maana wengi wetu huitwa "wabia," jina tamu kama asali. Mbia gani huyo anayeambiwa rangi ya kupaka na siku ya kumaliza, lakini akiugua huambiwa ajitegemee? Jina hilo twalipinga, na rangi hii ni ushahidi mmoja wa kulipinga. Kwa hiyo kila agizo la kupaka rangi liombeni kwa maandishi, au mhifadhi ujumbe wa simu, mkauonyeshe kwa wajumbe wenu.

Ndugu, hatukuja kulalamika tu. Twaleta mapendekezo matatu, nanyi mtayapigia kura kabla ya kutoka. Kwanza, mwanachama yeyote asipulize rangi ya hadina nyumbani, wala asimpelekee mwenzake sanduku ili aipulize. Pili, kila stendi ichange, ipeleke masanduku yake kwa pamoja kwa fundi mwenye chumba na vifaa vinavyofaa. Kumi wakienda pamoja wana sauti ya kupatana bei, mmoja hana. Tatu, halmashauri iwaandikie waajiri kwamba rangi ya kampuni ilipiwe na kampuni.

Ndugu yetu yule ameketi hapa nyuma karibu na mlango, mahali penye hewa. Alituomba tumalizie kwa maneno yake, nasi twafanya hivyo. Alisema: masanduku yale aliyoyapaka bado yang'aa njiani, naye akiyaona yakipita huyajua moja moja. Kila moja, asema, lilichukua kidogo katika pumzi yake.

Tusiongeze la pili wake. Umoja ni nguvu.