Ziwa Kivu si la hoteli peke yake

 

Kila mara tunaambiwa Kivu itakuwa nchi ya watalii. Sisi hatukatai utalii. Vijana wa hapa wanatafuta kazi kweli kweli, na mgeni analeta kazi. Lakini tunauliza: mgeni akifika, mvuvi atavua wapi? Na mtoto wa Kadutu ataogelea wapi?

Angalieni mwambao wa huku mjini, Nguba, Muhumba, La Botte. Karibu kila mahali ni ukuta, geti na sentineli. Mtu anazaliwa Bukavu, anakomaa Bukavu, na ziwa analiona kwa mbali tu, juu ya mapaa ya wengine. Kama anataka kugusa maji, anunue kwanza kinywaji. Na nyuma ya ule ukuta, maji ya choo na ya jikoni yanaenda wapi? Mji wetu hauna mtambo wa kuyasafisha. Kila mtu anajua jibu, hata mwenye hoteli.

Na taka zetu sisi wenyewe je? Mvua ikinyesha, chupa na sashe zinashuka kutoka milimani mpaka ziwani, halafu maji yanazisukuma mpaka kwenye mto Ruzizi, mahali pa barrage ya Ruzizi I. Pale zinajikusanya na kuziba mashine. Njo maana siku zingine tunakaa gizani. Amri ya kukataza sashe za plastiki ilitiwa sahihi Kinshasa tarehe 30 Desemba 2017. Nendeni soko la Kadutu leo, muone.

Sambaza nao hawakuwa wa hapa. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo bamama wengi wanasomesha watoto kwa kuwauza. Ng'ambo, Rwanda inafunga uvuvi wao kwa miezi miwili kila mwaka ili wazaliane. Ziwa ni moja, samaki hawajui mpaka. Upande mmoja ukifunga na mwingine ukivua na nyavu za macho madogo, ni kazi ya bure. Lakini kumufungia mvuvi bila kumupa kitu cha kula katika ile miezi, hiyo pia hatutaikubali.

Kuna mahali wamejaribu kupatanisha wageni na samaki: Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Unguja, Zanzibar. Tangu 1994 ni marufuku kuvua kwenye matumbawe yake. Nyumba za wageni ni saba tu. Wanatumia maji ya mvua, na vyoo vyao havitoi maji machafu kwenda baharini. Waliokuwa wavuvi walifundishwa kuwa walinzi, na pesa ya wageni njo inalipa ulinzi. Vizuri sana, ila Chumbe hakukuwa na kijiji. Idjwi iko na watu zaidi ya laki mbili, wanaolima na kuvua. Mtu akija na mpango wa kuzungushia Idjwi ukuta na kuiita paradiso, tutamuuliza hao watu atawaweka wapi.

Tunaomba leta, wa mkoa na wa komine, mambo haya: hoteli yoyote ya mwambao ionyeshe wazi maji yake machafu yanaenda wapi, kabla ya kupewa ruhusa. Kila komine yenye mwambao iache njia ya bure ya kufika majini. Ushuru wa wageni uandikwe na usomwe mbele ya raia, na sehemu yake iende kwa wavuvi wakati wa kufunga ziwa. Kifungu cha 53 cha Katiba kinatupa haki ya mazingira safi, na kinatupa pia kazi ya kuyatetea.

Jumamosi hii saa mbili asubuhi tunaanza kuokota plastiki kando ya maji. Leteni mifuko na glavu. Mwenye pirogue aje nayo.