Amri ya Usiku na Riziki ya Mchana



Serikali yo yote inapovamiwa na maradhi ya kuambukiza ina wajibu wa kulinda uhai wa watu wake. Juu ya hilo hapana ubishi. Ubishi huanza linapoulizwa swali la pili: gharama ya ulinzi huo inalipwa na nani? Kisa cha Kenya katika miaka ya 2020 na 2021 chafaa kutazamwa kwa makini, kwani jibu limo ndani ya tarehe zenyewe.

Mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa tarehe 13 Machi, 2020. Siku mbili baadaye ikatolewa amri ya kufunga shule. Tarehe 27 Machi ikaanza amri ya kutotoka nje tangu saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Mwanzoni mwa Aprili njia za kuingia na kutoka Nairobi zikafungwa, kisha za Mombasa, Kilifi na Kwale.

Kwa mwenye mshahara na akiba ya chakula, saa 1 jioni ni saa ya kupumzika. Kwa mama akaangaye samaki kando ya njia, hiyo ndiyo saa ya wateja. Naye kibarua avukaye Likoni hana chombo chake mwenyewe. Hana budi kungoja foleni. Jioni ya siku ile ya kwanza, watu waliokuwa wakingoja kivuko hapo Likoni walipigwa na kurushiwa mabomu ya machozi. Walioamriwa wakae mbalimbali wakarundikana kwa hofu. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi. Kuomba radhi ni uungwana, lakini kirungu kilikwisha kufundisha somo baya: kwamba wa kuogopwa ni polisi wala si maradhi. Mtu aliyefunzwa hivyo huvaa barakoa amwonapo polisi, na huivua akipita.

Haki yataka isemwe pia kwamba nafuu ilitolewa. Aliyepata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi alisamehewa kodi ya mshahara, na kodi ya ongezeko la thamani ikashushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Vijana wa mitaa ya mabanda walipewa kazi za usafi kwa ujira. Hata hivyo, msamaha wa kodi ya mshahara haumfikii asiye na mshahara, na hao ndio wengi.

Kulegeza kulikwenda hatua kwa hatua. Juni 2020 amri ya usiku ilisogezwa hadi saa 3. Julai njia zikafunguliwa. Mwishoni mwa Septemba ikawa saa 5. Lakini watoto waliendelea kungoja. Tarehe 12 Oktoba walirudi wa gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 tu. Wengine hadi Januari 2021. Wakati huo huo wanasiasa walikuwa wakihutubia umati, hata ikabidi mwezi Novemba mikutano yao isimamishwe kwa siku 60. Mzazi aliyemzuia mwanawe nyumbani alikuwa na haki ya kuuliza: je, umati wa siasa hauambukizi?

Machi 2021 kaunti tano, Nairobi ikiwamo, zilifungwa tena hadi Mei. Amri ya usiku iliondolewa tarehe 20 Oktoba, 2021, Siku ya Mashujaa, baada ya takriban miezi 19.

Maradhi mengine yatakuja, na amri nyingine zitahitajika. Kabla ya kuitangaza saa ya kufunga mlango, kiongozi hana budi kujua kabwela atafikaje kwake na atakula nini kesho yake. Kisha yeye mwenyewe awe wa kwanza kuitii. Amri ya namna hiyo wananchi wataisimamia wenyewe, hata pasipo na polisi.