Kabla ya Picha na Jezi

Msimu ukikaribia, vijiweni Nyasubi hapa Kahama mjadala huwa mmoja. Dereva wa bodaboda anakaa kiubavu kwenye pikipiki, redio ndogo imening'inia kwenye usukani: timu inasuasua, kocha mpya ni nani?

Mfano tunao kwa majirani, Geita Gold. Ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2021 ilimkabidhi timu Etienne Ndayiragije, Mrundi aliyetoka kuinoa Taifa Stars. Jina kubwa hilo. Mwaka haukuisha, akaondoka. Mikoba akaishika Fred Felix Minziro, beki wa zamani wa Yanga. Timu ileile ikamaliza ya nne, na George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Benchi likabadilika tena baadaye, na mwaka 2024 Geita Gold ikashuka.

Jina la kocha peke yake haliibebi timu; wachezaji ndio wanaoibeba. Kwa hiyo viongozi wa timu yetu, kabla hamjampiga kocha picha ameshika jezi, mwonyesheni orodha ya wachezaji wanaobaki, na tarehe watakayolipwa.