Sahihi Isiyoshuhudiwa: Mafunzo kwa Vitendo ya Wanafunzi wa Uuguzi Mkoani Simiyu



Nimeombwa nianze na fasili, nami nitazipitia upesi kwa kuwa humu hakuna mgeni. Mafunzo kwa vitendo ni kipindi ambacho mwanafunzi anakuja wodini kufanya alichofundishwa darasani, akiangaliwa na muuguzi mwenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Muuguzi huyo ndiye mlezi wake. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 tunayo, miongozo tunayo. Tangu mkoa wetu uanzishwe mwaka 2012 huduma zimekua, na Bariadi sasa ina hospitali ya rufaa ya mkoa.

Ninachotaka tukizungumze leo ni kitabu cha mwanafunzi, kile cha kuorodhesha kazi alizofanya. Ijumaa ya wiki ya mwisho vitabu vinarundikwa mezani kwa muuguzi wa zamu, naye anatia sahihi ukurasa baada ya ukurasa kazi ambazo hakuziona. Simlaumu. Ana akina mama wawili wanaosukuma, ana damu ya kufuatilia maabara, na ana wanafunzi wa vyuo zaidi ya kimoja walioletwa wiki ileile.

Chukueni patografu, chati ya kufuatilia uchungu. Mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa, mlango wa kizazi hupimwa kila baada ya saa 4. Mama akipokelewa saa 5 asubuhi na sentimita 4, kipimo cha pili kinaangukia saa 9 alasiri. Gari la chuo limeondoka saa 8. Mstari unamaliziwa na mtu mwingine, mtoto anazaliwa usiku, na kesho yake mwanafunzi ananakili kutoka kwenye faili kwamba alifuatilia uchungu hadi mwisho. Sahihi anapata. Huyo ndiye tutakayempangia zahanati Meatu au Itilima, peke yake, usiku.

Niliwahi kukuta chati za chumba kizima zimeandikwa presha 120/80 na pumzi 20. Nikamwomba mwanafunzi apime tena mbele yangu. Mashine ya presha haikuwa na betri. (Na lugha nayo: mwanafunzi aliyetoka mbali akishajua kuitikia salamu ya "mwangaluka" anaona yametosha, kumbe hawezi kumuuliza bibi wa Kisukuma uchungu ulianza lini.)

Sisemi hospitali zimezembea, wala vyuo. Nasema tumekubali karatasi ishuhudie badala ya macho.

Kwa hiyo napendekeza, kwanza, asitie sahihi asiyeona, na sahihi iwekwe siku ileile kazi ilipofanyika. Pili, wanafunzi waingie zamu za jioni na usiku, chuo kikigharamia usafiri na chakula. Tatu, kila mwanafunzi ajue jina la mlezi wake kabla hajavuka geti, na mlezi asipewe zaidi ya wawili katika chumba cha kujifungulia. Nne, vyuo vinavyotuletea wanafunzi, vya hapa na vya Mwanza na Shinyanga, vikae na hospitali kupanga wiki zisigongane. Tano, mkufunzi wa chuo awepo wodini, siyo apige simu. Sita, kazi ya ulezi ihesabiwe kwenye tathmini ya utendaji ya muuguzi, maana sasa ni hisani. Saba, mwanafunzi afundishwe Kisukuma cha kuhojia mgonjwa. Nane, na mtanisamehe kurudia, kitabu kilichosainiwa chote siku moja kikataliwe na chuo, hata kama mtihani ni kesho.

Mengi kati ya haya yameshasemwa katika vikao vya nyuma na yamo kwenye mihtasari. Pendekezo la pili ndilo linalokwama kila mara, na linakwama kwenye mafuta ya gari. Ratiba za muhula ujao zinapangwa sasa. Nawaomba wakuu wa vyuo mliopo msiondoke Bariadi kabla zamu ya usiku haijaandikwa ndani yake, na fungu lake halijajulikana linatoka wapi.