SAA YAKO NA SPEA ZAKE
(Maneno aliyosema mwanachama mmoja wa Reli katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme machache juu ya spea za saa. Kazi ya reli ni kazi ya saa. Mwaka 1891, huko Kipton katika nchi ya Marekani, magari moshi mawili yaligongana na watu wakafa. Ilielezwa ya kwamba saa ya dereva mmoja ilisimama dakika 4, kisha ikaendelea kama kwamba hapana neno. Baadaye kampuni za reli za huko ziliweka kanuni kali: saa ya kazini isikosee zaidi ya sekunde 30 kwa juma. Basi kilichomo ndani ya saa si urembo tu.

Spea ni za namna tatu. Ya kwanza ni halisi, iliyotoka kwa mwenye saa yake, yaani kiwanda kilichoitengeneza. Ya pili ni badala: kiwanda kingine kimeitengeneza ili iingie katika saa hiyo, nacho chasema hivyo waziwazi. Ya tatu ni bandia: imepigwa chapa ya jina lisilo lake.

Wengi huchanganya ya pili na ya tatu, na hiyo si haki. Sternkreuz ya Ujerumani hutengeneza vioo vya saa za majina mengi, na mafundi hodari huvitumia bila aibu. Badala yaweza kuwa nzuri au mbaya, lakini haikudanganyi jina lake. Bandia huanza na uongo.

Sasa, tutazame nini?

Kwanza, jina. Badala ina jina la kiwanda chake, au haina jina, na pakiti yasema inafaa saa gani. Ukiona jina kubwa kwa bei ndogo mno, uliza maswali.

Pili, namba. Nyuma ya saa ya Seiko utakuta namba kama 7S26-0020. Tarakimu nne za mbele ni za mashine ya ndani. Fundi akifungua, mashine nayo iwe 7S26. Zikitofautiana, kuna kilichobadilishwa. Zikilingana, usimalize hapo, maana namba nayo huigwa.

Tatu, kazi ya mkono. Omba kioo cha kukuzia. Maandishi ya uso wa saa yawe na kingo safi, skurubu zisiwe zimechubuka, na kifundo cha kutilia majira kisicheze-cheze. Kisha linganisha saa na majira ya kweli kwa siku kadhaa.

Nne, betri, maana hapo ndipo wengi huibiwa. SR626SW na LR626 zina ukubwa mmoja. SR ni ya oksidi ya fedha, volti 1.55, nayo hushika nguvu yake karibu mpaka mwisho. LR ni ya alkali, volti 1.5, na nguvu yake hushuka kidogo kidogo. LR si bandia. Ni ya bei nafuu. Lakini ukilipa bei ya SR ukatiwa LR, umeibiwa. Soma maandishi kabla fundi hajaitia ndani.

Ndugu zangu, si vibaya mtu wa mshahara mdogo kununua badala. Vibaya ni kulipa bei ya halisi kwa kitu kisicho halisi. Kwa hiyo mwambie fundi mapema unataka ipi. Risiti iandikwe “halisi” au “badala”. Spea ya zamani akurudishie mkononi. Fundi mwaminifu hatakasirika, kwa kuwa mwenye bandia humharibia na yeye soko lake. Na hapa Kenya kuuza bandia ni kosa kwa sheria ya mwaka 2008. Risiti ndiyo shahidi wako.

Jasho letu tunalipima kwa saa. Tusikubali saa yenyewe itudanganye.