Kamati Inajua Rangi ya Sare, Wachumba Hawajui Madeni

Posa ikishaingia nyumbani, ukoo mzima hugeuka makachero. Shangazi anapiga simu Tanga, baba mdogo anaulizia kazini kwa kijana, na mjomba, ambaye wala hakutumwa na mtu, anakwenda kunywa chai karibu na kwao binti asikie majirani wanasemaje. Hao ni watu wa namna gani? Wana ugomvi na nani? Mama yao mkali? Siku ya kupeleka mahari, mshenga ana habari za mababu watatu. Sasa waulize wachumba wenyewe: mwenzako anadaiwa kiasi gani? Mkichelewa kupata mtoto mtafanyaje? Mama mkwe akiugua, atalelewa wapi? Utaona wanatazamana.

Sibezi upelelezi wa wazee. Umewaokoa watu wengi. Ila jirani hujua yale yanayosikika nje ya ukuta, na ndoa nyingi hufa kwa yale yaliyobaki ndani.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe siku 21 kabla. Muda huo ni wa mwenye pingamizi kujitokeza. Sheria hiyo hiyo inataja mambo ambayo, mtu akiyakuta ndani ya ndoa na hakuyajua kabla, anaweza kuiomba mahakama iibatilishe: mke kuwa na mimba ya mtu mwingine siku ya ndoa, ugonjwa wa zinaa unaoambukiza, wazimu unaojirudia. Kwa hiyo watunga sheria walijua, zaidi ya nusu karne iliyopita, kwamba mtu anaweza kuoana na mtu asiyemfahamu. Nasi siku hizo 21 tunazitumiaje? Kwa vikao vya michango. Kamati inajua bei ya ukumbi, rangi ya sare na jina la mshereheshaji. Bwana na bibi harusi hawajapata jioni moja ya kuzungumza bila mweka hazina.

Chukua ugonjwa wa selimundu, siko seli kama wengi tunavyouita. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa nao. Mtu anayebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa huu anaweza kuzeeka bila kuumwa na bila kujua. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Kipimo cha damu kinatosha kuwaambia wote wawili wamesimama wapi. Lakini nyumba ngapi zina kijana aliyefariki mdogo, na mchumba akiuliza anajibiwa kwamba marehemu alikuwa "anasumbuliwa na miguu"? Miezi inapita, mtoto anazaliwa, siku moja vidole vinavimba na analia usiku kucha. Hapo ndipo swali linapoulizwa, tena kwa ukali: kwenu kuna nini? Mara nyingi anayeulizwa ni mama, kana kwamba mtoto alirithi upande mmoja tu. Ugonjwa wenyewe wanandoa wengi huubeba pamoja na kuumudu. Kisichobebeka ni kugundua kwamba mwenzako alijua na akanyamaza. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hapa anayelipia maficho hayo ni mtoto.

Kwenye fedha nako ni vilevile. Mume anaficha mshahara, mke anaficha fedha za kikoba. Sheria inakataza mtu kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini sahihi ya mke kwenye fomu ya benki haina maana kwamba ameelezwa mkopo ni wa nini. Na kabla hatujamlaumu mwenye kikoba, tumwulize alianza lini kuficha. Wengi watakwambia walisema mara ya kwanza, fedha zikachukuliwa, basi wakajifunza.

Ndiyo maana nasema uwazi huanzia kwenye kuchagua. Tunatafuta mtu mpole, mcha Mungu, mchapakazi, na hizo zote ni sifa njema. Ongeza moja: anapokeaje habari mbaya? Mwambie jambo lisilompendeza mkiwa bado wachumba. Mwambie umefukuzwa kazi, kama umefukuzwa kweli, au kwamba una mtoto kwa bibi yake huko kijijini. Akikasirika leo na kesho akarudi mkaongea, huyo anaambilika. Akilitoa lile jambo kama fimbo katika ugomvi wa mambo mengine kabisa, umeshaona miaka yenu ishirini ijayo.

Wala simaanishi kukabidhiana simu na maneno ya siri. Kukagua simu ni kazi ya upolisi, na anayekagua huwa ameshaacha kuuliza. Wapenzi wa zamani nao waacheni walale. Linalopaswa kusemwa ni lile litakaloingia katika maisha ya mwenzako atake asitake: deni, mtoto, maradhi, ndoa nyingine, nia ya kuongeza mke.

Kwa kawaida, kabla ya talaka kufikishwa mahakamani, wanandoa hupitia kwanza baraza la usuluhishi. Wazee wa baraza huwauliza maswali ya kawaida kabisa: ulimwambia? Ulimuuliza? Kwa baadhi yao ndiyo mara ya kwanza kuulizwa.

Basi ninyi wenyeviti wa kamati za harusi mnaonisikiliza, nina ombi. Kadi ya mchango isitoke mpaka wachumba wamepima damu pamoja, na kila mmoja amemwandikia mwenzake orodha ya madeni yake. Hamna haja ya kuyaona majibu, ni yao. Mtaniambia harusi nyingine zitavunjika hapo hapo. Zivunjike, bado ukumbi haujalipiwa.