Kiungio Kidogo, Maji Mengi: Kuchagua na Kufunga Viungio vya Kubana katika Mabomba ya Nyumbani

Mada iliyosomwa mbele ya mkutano wa wakazi wa kata na wajumbe wa kamati za maji



Mradi wa maji husifiwa kwa tangi lake lililosimama kilimani na kwa pampu yake. Lakini kabla ya maji hayo kufika katika ndoo, hupita katika viungio vingi vidogo vilivyofukiwa ardhini, ambavyo hakuna anayevitazama wala kuvitaja. Hapo ndipo maji mengi yanapopotelea. Mada hii inahusu kiungio cha kubana, yaani kile chenye nati kubwa ya plastiki, kinachounganisha bomba jeusi ambalo wauzaji huliita HDPE au poli.

Hasara inayopimika kwa chupa

Mkazi anayetaka kujua uzito wa jambo hili hahitaji chombo cha kitaalamu. Akinge chupa ya nusu lita chini ya kiungio kinachovuja. Chupa hiyo ikijaa kwa dakika 10, uvujaji huo ni lita 3 kwa saa, lita 72 kwa siku, na lita 2,160 kwa siku 30. Hizo ni ndoo 108 za lita 20. Uniti moja ya dira ni lita 1,000; kwa hiyo mwenye nyumba hulipia zaidi ya uniti mbili kila mwezi kwa maji ambayo hakuyanywa, hakuyaogea wala hakuyapikia. Bandu bandu humaliza gogo.

Hasara ya fedha si pekee, wala si kubwa kuliko zote. Maji yanayovuja katika nyumba za bondeni hupunguza msukumo katika bomba zima, na anayeumia kwanza ni mkazi wa nyumba ya mwisho au ya mwinuko. Yeye hufungua koki akasikia upepo, kisha hulaumu mradi, ilhali tangi limejaa.

Zaidi ya hayo, tundu linalotoa maji huweza pia kuyaingiza. Maji yanapofungwa kwa mgao, bomba hupoteza msukumo, na katika miteremko hufyonza. Tope lililotuama kuzunguka kiungio kibovu, pamoja na kilichochuruzika kutoka chooni au zizini, huvutwa ndani. Maji yakifunguliwa, uchafu huo huenda moja kwa moja kwenye koki. Kwa njia hiyo homa ya matumbo na kipindupindu huweza kupita katika bomba lililoletwa ili kuvizuia.

Mazoea mawili yanayopaswa kuachwa

Zoea la kwanza ni kuchoma. Mdomo wa bomba hupashwa juu ya mkaa hadi ulainike, hupanuliwa, bomba jingine huchomekwa ndani yake, kisha pote hufungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Kazi hiyo huonekana imara mchana. Lakini bomba lililopanuliwa limekuwa jembamba palepale linapohitaji unene, nyuso mbili zilizochomekana hivyo hazikushikana, na mpira hulegea na kuoza. Usiku, watu wanapofunga koki zao, msukumo ndani ya bomba hupanda. Ndipo kazi hiyo huachia, wakati hakuna anayeangalia.

Zoea la pili ni gundi. Gundi inayouzwa kwa mabomba ya PVC huyayusha uso wa PVC na kuuunganisha. Bomba la poli haliyeyushwi na gundi hiyo. Hukauka juu yake na kubanduka kama gamba. Bomba la poli huunganishwa kwa kuchomelea kwa mashine maalumu, kazi ya wenye vifaa, au kwa kiungio cha kubana, kazi iliyo ndani ya uwezo wa fundi yeyote makini.

Kiungio kinavyofanya kazi

Anayekijua kiungio hiki hahitaji kukariri masharti. Kila sharti linatokana na umbo lake. Ndani mna sehemu nne za kuzingatia. Kwanza ni kiwiliwili, chenye kizuizi ambapo bomba hukoma. Pili ni mpira wa mviringo unaokumbatia bomba. Tatu ni pete yenye meno, iliyopasuliwa upande mmoja ili iweze kujibana. Nne ni nati. Aina nyingi zina pia pete laini inayousukuma mpira mahali pake.

Kazi ni mbili na zimegawanywa. Mpira huzuia maji yasitoke. Pete yenye meno hulishika bomba lisichomoke. Nati haizuii maji. Kazi yake ni kuibana pete na kuuweka mpira mahali pake. Kwa hiyo kiungio kinachovuja, mara nyingi, hakiponi kwa kukazwa zaidi. Tatizo lake huwa katika mpira, au katika uso wa bomba ambao mpira unaukumbatia.

Kuchagua

La kwanza ni aina ya bomba. Kiungio cha plastiki chenye pete ya meno ni cha bomba la poli. Bomba la shaba lina kiungio chake cha shaba nyeupe au nyeusi, chenye pete laini isiyo na meno inayobonyea juu ya bomba. Bomba la PPR, la kijani au jeupe, huchomelewa kwa pasi yake. Vitu hivi havibadilishani.

La pili ni kipimo, na hapa ndipo wengi hupoteza nauli ya kurudi dukani. Bomba la poli hupimwa kwa nje, kwa milimita: 20, 25, 32, 40, 50, 63. Bomba la chuma hutajwa kwa inchi, kufuatana na tundu la ndani. Bomba la chuma la nusu inchi, kwa mfano, lina upana wa nje wa milimita 21 na kidogo, wala si 12 kama wengi wanavyodhani. Kwa desturi ya maduka, poli ya milimita 20 hulinganishwa na nusu inchi, ya 25 na robo tatu, na ya 32 na inchi moja. Ulinganisho huo hufaa kwa kukisia maji yanayopita, haufai kwa kufunga. Njia salama ni kusoma maandishi yaliyochapwa ubavuni mwa bomba, au kubeba kipande chake hadi dukani.

La tatu ni msukumo. Bomba na kiungio huandikwa PN6, PN10, PN16 na kadhalika. Nambari hiyo ni kiasi cha bar ambacho kifaa hustahimili katika maji ya nyuzijoto 20. Bar moja ni karibu sawa na kimo cha maji cha mita 10. Tangi likiwa mita 70 juu ya nyumba, msukumo nyumbani hapo, koki zote zikiwa zimefungwa, hukaribia bar 7. Mwenye nyumba hiyo akinunua bomba la PN6 kwa sababu ni la bei ndogo, amenunua mpasuko. Tena, joto hupunguza uwezo wa plastiki. Bomba lililoachwa juu ya ardhi likipigwa na jua halistahimili kiasi kilichoandikwa.

La nne ni uzi. Kiungio kinachokwenda kwenye koki au dira huwa na uzi upande mmoja, wa ndani au wa nje. Uzi wa chuma ukikazwa kwa nguvu ndani ya uzi wa plastiki, huipasua plastiki kama kabari ipasuavyo kuni. Palipo na lazima ya kufanya hivyo, achaguliwe kiungio ambacho mdomo wake umezungushiwa pete ya chuma ya kuuimarisha.

Mwisho, kabla ya kulipa, mnunuzi afungue nati pale pale dukani. Atazame kama mpira upo, kama ni laini na hauna ufa, na kama meno ya pete ni makali. Kiungio kilichokaa juani miezi mingi mbele ya duka huenda mpira wake umekwisha kukauka.

Kufunga

Bomba likatwe kwa mkasi wa mabomba au msumeno wa meno madogo, mkato uwe mnyoofu kabisa. Mkato wa mshazari huacha upande mmoja haujafika kwenye mpira. Mabaki ya plastiki yaondolewe ndani na nje kwa kisu, kisha ukingo wa nje ulainishwe kwa kuupunguza kidogo kwa mzunguko. Ukingo mkali huukata mpira unapopita, na jeraha hilo halionekani tena hadi mtaro ufukuliwe.

Uso wa bomba ufutwe na kukaguliwa. Mkwaruzo unaozunguka bomba hauna madhara makubwa; mkwaruzo unaokwenda kwa urefu ni mfereji unaopita chini ya mpira. Sehemu yenye mkwaruzo wa namna hiyo ikatwe na kutupwa. Bomba lililokunjwa muda mrefu katika roli huwa bapa kidogo. Lirudishwe mviringo kwanza.

Kina cha kuingia kipimwe kwa kulaza bomba kando ya kiungio, kuanzia kwenye kizuizi hadi mdomo wa nati, kisha alama itiwe kwa kalamu. Alama hiyo ndiyo shahidi pekee kwamba bomba limefika mwisho. Nati ilegezwe mizunguko kadhaa. Mwisho wa bomba upakwe maji ya sabuni, si grisi ya gari, maana huweza kuuharibu mpira. Bomba lisukumwe huku likizungushwa kidogo. Fundi atahisi ukinzani mara ya kwanza bomba linapougusa mpira. Wengi huishia hapo wakidhani wamefika. Asukume tena hadi alama ikutane na nati. Kisha nati ikazwe kwa mkono, na kumaliziwa kwa spana. Spana ndefu yenye nguvu nyingi hupasua nati.

Utepe mweupe ambao mafundi huuita tredi tepu huwekwa kwenye uzi wa upande wa koki au dira tu, kwa kufuata mwelekeo wa kukazia. Kwenye uzi wa nati ya kubana hauna kazi, kwa kuwa maji hayazuiliwi hapo.

Joto nalo lina hesabu yake. Mita moja ya bomba la poli hurefuka kwa takriban milimita 0.2 kila joto linapopanda nyuzi moja. Bomba la mita 50 lililolazwa juani likafungwa mchana, na likapoa nyuzi 15 baada ya kufukiwa, hujikunja sentimita 15. Nguvu hiyo yote huvuta viungio. Kwa hiyo bomba lilazwe mtaroni kwa mkunjo mdogo kama wa nyoka, lipoe, ndipo vipimo vya mwisho vikatwe.

Kujaribu kabla ya kufukia

Kabla ya kuunganisha koki na dira, maji yaachwe yapite yasafishe mchanga na mabaki. Kisha koki zifungwe na kila kiungio kifutwe kikavu kwa kitambaa. Baada ya saa moja kishikwe kwa mkono. Ni vyema zaidi mtaro ulale wazi usiku mmoja, chini ya ulinzi, kwa sababu ya msukumo wa usiku uliokwisha kutajwa. Kiungio kinachotoa unyevu kifunguliwe na mpira ukaguliwe. Kiungio hicho huweza kutumika tena iwapo mpira na meno vingali vizima.

Mtaro usipungue kina cha sentimita 60, na uongezwe panapopita magari. Mawe yaondolewe, na mchanga au udongo laini ulazwe chini na juu ya bomba. Mahali pa kila kiungio pawekewe alama ya kudumu, ili atakayekuja kukarabati asichimbe shamba zima.

Mpaka wa wajibu

Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 ilipounda RUWASA, miradi mingi ya vijijini husimamiwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Bomba lililo kabla ya dira liko mikononi mwa chombo hicho. Mkazi anayeona maji yakichuruzika hapo atoe taarifa, asilikate wala kulifunga mwenyewe. Bomba lililo baada ya dira ni mali na mzigo wa mwenye nyumba.

Basi kila kaya ina jaribio moja la kufanya wiki hii. Usiku, koki zote zikiwa zimefungwa na kila mtu amekwisha kuchota, namba za dira ziandikwe kwenye karatasi. Alfajiri, kabla ya koki yoyote kufunguliwa, zisomwe tena. Zikiwa zilezile, mabomba ya nyumba hiyo ni salama. Zikiwa zimesogea hata kidogo, kuna kiungio ardhini kinachodai kufukuliwa, na jirani wa nyumba ya mwisho anayasubiri maji yanayopotea hapo.

Ahsanteni kwa kunisikiliza ni maneno ya desturi. Shukrani iliyo bora zaidi ni koki ya mwisho ya kila kitongoji kutoa maji.